Jiko la Kujiwasha Limenikimbiza Mbele ya Mama Mkwe

Jamaa zangu, leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kuteleza sokoni, ukainuka, ukajipangusa, ukaendelea na safari. Hii ni aibu ya mbele ya mama mkwe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe.

Ngoja niwape kwa mpangilio, maana mke wangu Zuhura ameshaanza kusimulia kwa simu na anaongeza chumvi (kama vile haitoshi iliyomo).

Zuhura ni mjamzito, mimba ya kwanza, amebakiza kidogo tu. Kwao Pangani mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake. Mama mzazi anamfuata bintiye, anamrudisha kwao, anajifungua, anakandwa kwa maji ya moto, ananywa uji wa pilipili manga, na arobaini ikiisha ndipo mume anarudishiwa mkewe. Desturi nzuri, siikatai. Lakini mimi nipo hapa Nguvumali, biashara yangu ya mitumba ipo hapa, na sitaki mwanangu azaliwe mimi nikiwa nasubiri kupigiwa simu kama mtu aliyeagiza mzigo. Nikamwomba mama mkwe: wewe ndiye uje kwetu, umlee mzazi hapahapa.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Mimi silali kwenye nyumba yenye bomu jikoni."

Bomu ni gesi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi, amepikia kuni na mkaa tangu utotoni, na habari zote za gesi anazipata kwa watu waliosikia kwa watu. Kinachomtisha zaidi ni kufungulia gesi huku umeshika kiberiti kinachowaka. "Unamwita shetani na taa umemshikia!" Ndivyo anavyosema.

Basi juzi nikaenda Ngamiani kutafuta jiko la kujiwasha lenyewe. Pleti mbili, kioo juu, linang'aa mpaka unajiona ndevu. Unabonyeza swichi, unazungusha, linapiga cheche ta-ta-ta, moto huo! Kiberiti cha nini? Na ndani yake mna vali ya usalama. Moto ukizimwa na upepo, au uji ukifurika ukauzima, vali inahisi kumepoa, inafunga gesi yenyewe. Niliposikia hilo nikajua nimepata wakili wa kunitetea Pangani.

Kupatana mnanijua. Nilimbana yule muuzaji mpaka akakaa chini. Mwisho akasema, "Yakhe, kwa bei hii ukiulizwa umenunua wapi, mtaje mwingine." Akataka kuniwekea betri, ile ndogo inayotoa cheche.

"Betri inauzwa au ni zawadi?" nikamuuliza.

"Inauzwa."

"Itoe. Toa na boksi. Punguza."

Akapunguza (kwa uchungu, lakini akapunguza). Kisha akanipa somo la bure, nami cha bure nakisikiliza kwa masikio yote mawili: "Jiko likiwa jipya, mpira wa gesi una hewa. Bonyeza, shikilia. Usiachie hata ufanyeje mpaka moto ushike. Ukishashika, hesabu moja, mbili, tatu, vali ipate joto, ndipo uachie. Ukiachia mapema, inajifunga." Nikarudia maneno yake. Nikayarudia tena. Nikaondoka mtaalamu.

Leo asubuhi Bi Mwanaidi akafika. Amekuja na begi kubwa. Nikalipokea kwa adabu, nikashtuka: jepesi! Begi tupu.

Zuhura akanivuta chumbani. "Begi la nguo zangu hilo. Mama kasema nikishakunywa chai tunaondoka."

"Hata jiko hajaliona!"

"Basi muoneshe. Ukishindwa, jioni mimi nipo Pangani, na wewe utajikanda mwenyewe."

Sasa, wenzangu wa pwani mnajua. Mkwe wa kiume na mama mkwe jikoni pamoja siyo jambo la mzaha. Mbele yake hucheki meno yote. Humtazami usoni. Unaongea na sakafu, sakafu inamfikishia. Lakini ningefanyaje? Nikavaa shati jeupe na msuli mpya niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya Idi. Nimeufunga kwa mtindo wa heshima, yaani wa kukaa na kusimama taratibu. (Hakuna aliyeniambia leo kuna mbio.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ndilo hilo?"

"Ndilo lenyewe. Halitaki kiberiti. Unabonyeza, moto ukishika unahesabu mpaka tatu, unaachia. Tazama, mama, mikono yangu mitupu."

Nikaikunjua mikono yote miwili kama mganga wa mazingaombwe. Mtungi nimefungua. Nikabonyeza swichi, nikazungusha, nikashikilia.

Kimya.

Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Kimya kile kile. Nikasikia Bi Mwanaidi anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu aliyeyajua tangu zamani. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, labda hewa bado ipo kwenye mpira. Nikafika kumi. Nikarudia kumi nyingine kuhakikisha, maana mimi kitu kisichohesabiwa mara mbili siamini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Betri! Ile niliyosema itoe, punguza!

"Zuhura!" nikaita. "Nitolee betri ya saa ya ukutani, upesi!"

"Ya saa?" akajibu kutoka ukumbini. "Tutajuaje adhuhuri?"

"Kuna adhana, Zuhura!"

Na muda wote huo, jamaa zangu, swichi nimeibana. Usiachie hata ufanyeje! Mtaalamu mimi. Gesi inatoka taratibu, haina wa kuiwasha, inajikusanya juu ya kioo changu kizuri inanisubiri.

"Baba," Bi Mwanaidi akasema, "nasikia harufu kama ya yai viza."

"Ni mtaro wa jirani, mama," nikaiambia sakafu.

Sauti ikaruka ukuta. Mama Salha, jirani yetu, ambaye masikio yake yanaishi kwetu kuliko kwake: "Mtaro gani? Wetu umezibuliwa jana!"

Kwa kuwa nilikuwa natazama chini kwa adabu, sikuona kwamba mama mkwe ameshasogea, amefungua dirisha lote, na amesimama karibu na mtungi. Zuhura akaja, akasimama mlangoni na tumbo lake, akaninyooshea betri. Mkono mmoja umebana swichi, mwingine unaipachika betri kwenye kijumba chake mbele ya jiko.

Ta.

PUUUH!

Wallahi sijui niseme nini. Ulikuwa moto mkubwa wa mara moja, kama blanketi mtu anapolikung'uta. Ukapanda, ukanipiga busu usoni, ukaisha. Lakini mimi sikusubiri kujua kwamba umeisha. Miguu iliondoka bila kuniaga. Nilimpita Zuhura mlangoni kwa ubavu, kama ninavyowapita watu kwenye foleni ya benki. Komeo la mlango likaushika msuli. Mimi sikusimama. Msuli ukasimama.

Nilijikuta katikati ya ua napiga kelele: "Tumekwisha! Tumekwisha jamani!" Nimevaa shati jeupe la heshima na, chini yake, bukta ya maua ya rangi ya chungwa iliyokosa mnunuzi kwenye mitumba yangu. Sasa nimeelewa kwa nini haikununuliwa.

Kichwa cha Mama Salha kikachomoza juu ya ukuta. Akanitazama kuanzia juu kwenda chini. Akarudia.

"Shemeji," akasema, "nani kafa?"

Hapo nikagundua kwamba ndani hakuna anayelia. Hakuna moshi. Nikasogea dirishani kwa kunyatianyatia, nikachungulia. Bi Mwanaidi ameshafunga mtungi. Zuhura amejishikilia mlangoni, machozi yanamtiririka, na siyo ya msiba. Anacheka mpaka tumbo linaruka na mtoto ndani. Jiko limezimika lenyewe, kimya, zuri, halina hata doa. Mama mkwe kaushika msuli wangu kwa vidole viwili.

Akaupitisha dirishani huku amegeuza uso pembeni. "Shika nguo yako, baba."

Na mimi, akili ikiwa bado njiani inarudi, nikamwamkia upya. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Vaa."

Nikavaa. Nikaingia. Nikasimama pale pale kama mshitakiwa. Begi tupu lipo mezani, zipu wazi. Nikajua nimeshindwa. Mke ananiondokea, tena kwa haki.

"Ulipoliachia, limejifunga," Bi Mwanaidi akasema. "Nimeliangalia kwa macho yangu. Jiko lako halina neno."

"Ndiyo mama."

"Sasa tuje kwako. Moto ulipotoka, wewe umempita mkeo na mimba yake, umemwacha mlangoni. Siku uchungu ukimshika usiku utakimbilia wapi? Moa, mpakani?"

Nikaitazama sakafu inisaidie.

Akafungua mtungi. Akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akabonyeza swichi, akazungusha. Ta-ta-ta. Moto wa buluu, mdogo, mpole, kama umefundishwa chuoni. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akaachia. Ukabaki unawaka. Bila kiberiti! Nikaona mdomo unamcheza, lakini akauzuia. Akateleka birika la chai.

"Zuhura," akaita, "rudisha nguo kabatini."

"Hatuondoki, mama?"

"Nilikuja kukuchukua. Lakini nikikuchukua, huyu atabaki peke yake na jiko hili atawaunguzia watu mtaa. Na nikikuacha naye peke yake, ndiyo kabisa. Nakaa mimi. Mpaka arobaini iishe."

Alhamdulillahi! Nilichokitaka ndicho nilichokipata: mke kabaki, mama kakubali, mtoto atazaliwa nipo hapahapa. Sikuonesha furaha, maana aliyeshinda kesi akiwa amevaa bukta ile hana haki ya kushangilia. Lakini kuna jambo moja nikaona bado lina nafasi ya kupatana.

"Mama," nikasema taratibu, "haya ya leo naomba yabaki humu ndani."

"Yabaki vipi? Baba mkwe wako ananisubiri jioni. Lazima ajue kwa nini sirudi."

"Basi mwambie moto. Msuli uache."

Akafikiri. Akaonja chai. Akaongeza sukari.

"Moto nitauacha," akasema. "Msuli namwambia."

Nikajaribu kushuka kidogo. Asitaje maua. Akakataa. Asitaje rangi. Akakataa. Nimefanya biashara miaka yangu yote na sijawahi kukutana na muuzaji mgumu kiasi hicho. Tena ameshapiga simu, nimesikia kicheko cha mzee kikitoka upande wa pili, kile cha kukohoa katikati.

Kwa hiyo, jamaa zangu, kama mna jiko la aina hii: moto usiposhika, achia swichi, fungua dirisha, subiri. Usishupae nayo kama mimi. Na kesho mkinikuta mjini nina nyusi upande mmoja tu, nisalimieni, niulizeni hali ya mama mjamzito, mpite.