Mbio za Kugombea Kiti cha Gari la Mikate

Jumatatu, 3 Machi

Utingo wa gari la mikate anaacha kazi, anamfuata mkewe mji mwingine. Meneja wa kiwanda katangaza leo. Nafasi ni moja, tunaoitaka wawili: mimi, na Njiti wa kwenye tanuri, kijana mwembamba kiasi kwamba akisimama kando ya ufagio hujui ushike yupi ufagilie. Meneja kasema kazi ya utingo ni kukimbia na kreti, gari halizimwi. Kwa hiyo Jumamosi tutazunguka uwanja wa shule mara tatu. Atakayetembea kakosa.

Kibarua changu cha kuosha trei kinaisha wiki hii. Nikikosa kile kiti, narudi kwa mjomba kufagia banda la kuku. Kuku wa mjomba wananijua, na hawanipendi.

Nilipojitokeza watu walicheka. Mmoja akauliza, Bonge, wewe utakimbia au utabingirika? Nikawaambia kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.

Jioni nikaanza mazoezi. Nimetoka nyumbani kama risasi. Kufika kwa kinyozi, baruti kwisha. Nikakumbatia nguzo ya umeme. Bibi mmoja mwenye kikapu akanipita, akarudi, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia niko mazoezini. Akasema basi pole hiyohiyo. Namshukuru. Aliyeisimika ile nguzo namshukuru zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Dada yangu anasomea unesi. Kanikalisha jikoni, kanifundisha kalori. Eti chakula kina nguvu yake, ukila kupita unavyotumia, ziada inahamia kiunoni na kuoa hukohuko. Kanipakulia kwenye kisahani cha kikombe.

Nikamwuliza, mkate ukivunjika si kalori zinamwagika? Kakipunguza kile kisahani. Nikamwuliza kuhusu chakula cha kusimama. Miguu inatumia, mdomo unaingiza, ngoma droo. Akasema, wewe mtoto, tumbo lako halina macho ya kuona umekaa au umesimama. Hapo nikamshika: kama halioni, litajuaje kwamba nimekula? Katoka jikoni bila kuaga. Wasomi wakiishiwa hoja ndivyo walivyo.

Nimekula nusu mkate. Nimesimama, na nimeuvunja kwanza.

Lakini dada ana moyo. Kabla ya kulala kaniwekea kwenye simu kile kitu cha kuhesabu hatua, kasema niwe naifunga mwilini nikikimbia. Hakutaja mwili wa nani.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi ni fundi nguo, cherehani yake ya kukanyaga. Leo nimemtazama mguu unavyopanda na kushuka, akili ikawaka taa. Nikamwomba nimfunge simu kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia ni dawa mpya ya kuondoa ganzi ya miguu. Alikuwa na sare za kwaya nzima za kumaliza. Mimi nikajilaza kwenye mabaki ya vitambaa.

Nilipoamka nilikuwa nimekimbia kutoka mji huu hadi mji wa pili, na chenji juu. Nikamshukuru shangazi. Mguu ule ungezaliwa mwanariadha.

Nikampelekea dereva wa gari la mikate aone simu. Katoa macho. Kasema, mdogo wangu, hii lazima meneja aione. Nikasema aione tu, mimi sifichi kipaji.

Kaiona. Kasema kama kiwandani kuna mkimbiaji wa namna hii, mizunguko mitatu ni kumvunjia heshima. Jumamosi ni sita.

Mdomo huu. Mdomo huu!

Alhamisi, 6 Machi

Njiti kanifuata kwenye karo la kuoshea trei, sauti chini. Kasema, kaka, sita siziwezi, kifua kinanibana kwa moshi wa tanuri, nifundishe. Nani aliyewahi kuniomba nimfundishe kitu? Nikajikuta nimekubali. Nikatumaini atasahau. Hakusahau.

Uwanjani nikamwambia siri ya wakimbiaji wakubwa ni kwenda taratibu. Nilikuwa najiokoa tu. Tukaenda mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Njiti haachi kuongea: mama yake, paka wa mama yake, magomvi ya paka na jirani. Ilibidi nimjibu, na kila nilipokosa pumzi ya kujibu, alipunguza mwendo hadi nipate. Hadithi ilipofika jirani anamshitaki paka, nikashtuka tumeshazunguka mara tatu na sijakumbatia nguzo yoyote.

Nikakaa kwenye nyasi. Jasho lilinichoma macho, ndiyo maana yalikuwa mekundu. Nikamwambia Njiti asante. Akasema asante ni yangu mimi mwalimu. Tukabishana asante ni ya nani hadi mlinzi wa shule akatutoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiri sana. Rafiki ni rafiki, lakini kiti ni kimoja.

Mchana nikamletea Njiti mkate mzima na siagi ya kutosha kupaka ukuta. Nikamwambia mkimbiaji hushiba siku moja kabla. Nia yangu awe mzito. Akasema tangu aanze kazi hapa hakuna aliyewahi kumletea chakula. Akaukata, akanisukumia pande kubwa, eti mwanafunzi hashibi mwalimu ana njaa. Nikakataa. Akanuna. Nikala. Akaniongezea.

Jioni dada kanipandisha kwenye mizani. Kauliza nina nini mifukoni. Suruali ile haina mifuko.

Jumamosi, 8 Machi

Kiwanda kizima kimejipanga kando ya uwanja. Dada kaja, shangazi kaja. Nikamwona shangazi anamweleza meneja kwamba ile dawa yangu ya ganzi ya kufunga mguuni imemsaidia sana. Nikaomba filimbi ilie haraka. Ikalia.

Njiti kachomoka kwa woga, peke yake. Mzunguko wa nne nikamkuta kajikunja, kifua kinalia kama bawaba kavu, anarukaruka palepale ili isisemwe katembea. Hapo kiti kilikuwa changu. Nikampita.

Nikaenda kidogo. Kimya. Hakuna wa kunisemesha, pumzi ikanikimbia kabla yangu, nikaiona nguzo ya goli inaniita. Nikageuka, nikajikongoja hadi kwake, nikamwuliza ile kesi ya paka iliishaje. Akajibu neno moja. Halafu mawili. Tukaondoka. Meneja akaenda kunywa chai, akarudi, akatukuta bado tumo. Dereva alikuwa anapiga kelele, "Twende, wanangu, mkate unapoa!" Tumemaliza bega kwa bega. Hakuna aliyetembea, ingawa kobe angetuomba njia.

Meneja kakuna kichwa. Kauli aliitoa mwenyewe mbele ya watu: atakayetembea kakosa. Basi gari ni siku tatu Njiti, siku tatu mimi, na siku zilizobaki kila mmoja kwenye kazi yake ya zamani; kibarua changu cha trei kimeongezwa muda. Dereva kasema afadhali, kiti kitapata kupumzika. Njiti kalia waziwazi. Mimi ni lile jasho tena.

Dada kanisogelea. Kanifuta uso na leso kama zamani nilipokuwa mdogo. Asante, dada. Asanteni nyote.

Jumapili, 9 Machi

Mwili unauma mpaka nywele, na moyo umetulia kama maji ya mtungi. Nimeshukuru tangu asubuhi.

Mchana dereva kapita nyumbani. Kesho zamu ni yangu, na kwenye jengo moja la ghorofa kumi tunakopeleka mikate lifti imekufa. Kauliza nitaweza, au amchukue Njiti. Angeniuliza faragha ningesema kweli. Kaniuliza mbele ya binti wa jirani. Nikamwambia ghorofa kumi kwangu ni kizingiti cha mlango; nitazipanda mbio, kreti mbili kichwani, huku naimba. Kasema ataleta watu waone. Nikasema alete wengi.

Sina wasiwasi. Dada alishawahi kusema misuli hukua mtu akiwa amelala. Nimefanya mazoezi makali tangu chakula cha mchana, sasa narudi kitandani kuongeza. Namshukuru aliyebuni godoro.