Piki ya kulimia lengalenga

Leo haya imenikamata, bandugu ba avenue yetu ya zamani. Ninaandika humu kwa groupe ya simu sababu huku balituhamishia sina mutu wa kumwambia.

Vile munajua, mine, mugodi ya cobalt, ilibomoa manyumba yetu, kila mutu akaenda upande wake. Mi natimiza miezi sita hapa. Majirani habajui hata jina yangu, na bibi yangu wa ndoa alikufa mbele ya kuhama. Basi nikasema: nilime mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, nigawe, pengine batu batakuja.

Ku soko mama mwenye kuuzisha akanipa lukasu, jembe ya kawaida tu. Nikamucheka. Mi, miaka yote ile chini ya udongo mpaka kampani yetu ya zamani ikaanguka, nishike lukasu? Nikachukua piki ya kuchimbia, pele ya kuzolea udongo, ya mupini mufupi, na burini, chuma ya kupasulia mawe. (Ya mawe. Kwa lengalenga. Muniache.)

Asubuhi nikaanza. Udongo ya juu ilikuwa mubaya, nikasema ile muzuri iko chini, mutu wa mine anajua. Saa tano shimo ilishanifika kifuani. Udongo nikaitia mu mifuko, nikaifunga midomo, nikaipanga ku ukuta, vile tulizoea.

Kichwa kikatokea juu ya ukuta. "Jambo, tata." Jambo! Tata, kama mimi baba yake! Miezi sita!

Kufika saa sita kiwanja ilijaa batu. Mmoja akaniletea maji, mwingine akaleta kiti (mi niko mu shimo, nikikalie wapi?). Mama mmoja wa nyumba ya tatu akanipa sahani ya bukari, ugali yetu, na samaki. Bote bananiuliza afya, bananiita tata. Nilijua banawaza nimepata cobalt. Nilijua muzuri kabisa. Lakini bukari ilikuwa ya moto, na nilikuwa sijakula na batu tangu tuhame. Nikaendelea kula.

Shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa, akafika, akafungua mufuko moja, akashika udongo, akanusa.

"Tata, unatafuta nini humu?"

Nikatoa mbegu mu mufuko ya shati. "Lengalenga, shefu."

Balicheka mpaka bengine bakakaa chini. Kisha bakaenda, na kiti ikaenda nao. Nikataka kutoka. Nikashika ukingo, udongo ikabomoka, nikarudi chini. Nikabaki mule peke yangu, jua juu ya kichwa, na piki yangu ya bei.

Yule mama wa bukari akarudi kuchukua sahani yake. Akaniona, akaenda kwake, akarudi na lukasu, akaninyooshea mupini. Nikashika, akanivuta kama mufuko. Hakucheka hata kidogo, na ile ndiyo iliniumiza zaidi.

"Jaza hii shimo kwanza," akasema. "Kisha ulime na hii. Utanirudishia."

Bandugu, musicheke. Shimo nilishaijaza, lukasu nilishaisafisha. Kesho ninairudisha. Tangu batufukuze, ndio mara ya kwanza niko na mulango ya kubishia hodi.