Kujieleza Kuhusu Kasa Aliyekwama Kwenye Mahindi ya Mama Bhoke

Mbalibali,
Wilaya ya Serengeti, Mara.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kuokoa Kasa Waliokwama,
Mugumu.

Ndugu Faustino,

YAH: KUJIELEZA KWA NINI NISIVULIWE UKATIBU WA KAMATI YA KASA

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo ofisini Mugumu, ambako bahari iko mbali vilevile kama huku kwetu. Sisi tunaendelea vizuri, ukiacha yale nitakayoyaeleza.

Nimepokea barua yako inayonitaka nieleze ndani ya siku saba kwa nini nilipiga simu ya dharura na kudanganya kwamba kasa amekwama Mbalibali, nikasababisha magari mawili na wataalamu watano kufika shambani kwa mama yangu mkubwa, Bhoke Wangwe, na kumkuta tembo. Umeandika pia kwamba mnafikiria kuifunga namba hiyo kwa kata yetu. Neno "kudanganya" limeniuma. Kwa hiyo najieleza kwa utaratibu, kama mlivyotufundisha.

1. Mradi huu sisi hatukuuomba. Kwenye mikutano mitatu ya kijiji tuliomba askari wa kufukuza tembo kwenye mazao. Mkaja ninyi. Mlitueleza kwamba mfuko wa plastiki ukitupwa hapa Mbalibali huingia mto Mara, kisha Ziwa Victoria, kisha Nile, hadi baharini kule Misri, na kasa wa huko akaumeza akidhani ni chakula. Tulisikitika sana. Mzee Nyangwine aliuliza kama watu wa Misri nao wameundiwa kamati ya tembo. Ulisema maswali yatapokelewa mwishoni, na mwishoni tukapokea soda.

2. Mnyama nilimtambua kwa mafunzo yenu wenyewe. Daftari ninalo. Tuliambiwa kasa ni mkubwa, mzito, mwenye ngozi ngumu ya makunyanzi. Anaishi miaka mingi. Wapo wanaokula majani. Sheria inamlinda, haruhusiwi kudhuriwa. Anasafiri mbali sana kisha anarudi palepale alipopita mama yake, na akionekana mahali pasipo pake, huyo amekwama. Saa moja asubuhi nilisimama pembeni mwa shamba na daftari mkononi, nikaweka tiki moja baada ya nyingine. Kilichokosekana ni gamba, na wewe mwenyewe ulisema wapo kasa ambao gamba lao ni la ngozi. Kuhusu mkonga, semina haikugusia mkonga popote. Haikusema anao, haikusema hana. Na mtu wa Mbalibali, Ndugu Faustino, atamjulia wapi tembo?

3. Hatua zote za uokoaji tulizifuata. Ya kwanza ni kuwaondoa mbwa, ila mbwa walikuwa wameshajiondoa wenyewe. Ya pili ni kuzungushia utepe ili watu wasimsogelee. Mjumbe wetu Gati aliuzungusha ule mwekundu na mweupe, kutoka mti hadi mti, na mnyama husika akaondoka nao shingoni. Ya tatu ni kummwagia maji ili asikauke. Kazi hiyo tulimpa Masele, aliyekuja toka Geita kutafuta dhahabu akaishia kuoa kwetu, kwa kuwa katika kamati nzima ni yeye peke yake aliyewahi kuiona bahari. Alimwaga ndoo moja. Ndoo hatujaiona tena. Masele tulimpata kesho yake Morotonga kwa shemeji zake, na anakusalimu. Hatua ya nne, ya kumfunika kwa blanketi lililoloweshwa, tuliiahirisha.

4. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kuanzia hapa mlalamikaji ni mimi.

Huku kwetu yowe likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu anaacha alichokishika na kukimbilia linakotoka. Haulizi ni ng'ombe wa nani wala ni mnyama gani. Anayebaki nyumbani anatozwa mbuzi kwenye ritongo, yaani baraza letu la mila. Anayefika kisha akageuza hana hata jina, maana hajawahi kuonekana. Siku ya semina ulishika kipaza sauti ukasema, "Namba hii ndiyo yowe lenu la kasa," na sisi tukapiga makofi, kwa kuwa hapo ulikuwa umeongea Kiswahili tunachokielewa.

Basi nilipiga yowe. Mkafika kwa saa moja na nusu. Magari mawili, machela, daktari wa wanyama, na beseni kubwa la buluu. Nakiri kwamba nilitaka kulia, maana tangu nizaliwe sijaona mtu wa serikali wala wa mradi akifika Mbalibali kwa saa moja na nusu. Kisha mtaalamu wenu, Dada Eufrasia, akashuka, akatazama, akasema, "Lakini huyu ni tembo," akarudi kwenye gari. Mama Bhoke alimfuata hadi dirishani akamwambia, "Mwanangu, hata kama ni tembo, si umeshafika?" Kioo kikapanda. Magari yakageuza.

Ritongo limekaa. Mmekutwa na hatia ya kuitikia yowe kisha kulikimbia, kosa ambalo wazee wanasema halijatokea tangu wao watahiriwe. Mnatozwa mbuzi mmoja. Wazee walitaka wawili, mimi nikawatetea kwa kuwa ni katibu wenu.

5. Unauliza kwa nini sikupiga simu kwenye ofisi inayohusika na tembo. Ofisi hiyo sitaitaja, nina familia. Nilipiga. Niliambiwa taarifa imepokelewa. Msimu uliopita nilipiga pia, ikapokelewa. Sidhani kama kuna mtu nchi hii ambaye taarifa zake zimepokelewa kama zangu. Safari hii walifika siku ya kumi na moja, wakapima nyayo kwa futi, wakatuambia kwamba kwa uchunguzi wao tembo hayupo. Tuliwashukuru. Walituachia fomu ya kuomba kifuta machozi cha mazao yaliyoliwa, yenye kurasa nne, na hadi Mama Bhoke amalize kuweka dole gumba kwenye kila ukurasa, machozi yenyewe yalikuwa yamekauka.

Hili linalofuata silisemi kwa utani. Mama Bhoke ni mjane wa miaka sabini na kitu na analea wajukuu watatu. Hana duka, hana mshahara, hana ng'ombe waliobaki. Ana shamba lile. Asubuhi ile nusu yake ililiwa, na nusu iliyobaki haijakauka kiasi cha kuvunwa. Magari yenu yalipoondoka alikaa chini kwenye mabua, akaanza kuokota magunzi yaliyotafunwa na kuyapanga kwenye kanga, moja moja. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Acha tu, mura," yaani kijana. Mimi ni mwanamume wa makamo, nimetahiriwa mbele ya watu bila kupepesa jicho, na siku hiyo niligeukia upande wa mto. Nina hasira, Ndugu Faustino. Nimeona afadhali niiandike kwa adabu.

6. Kwa hiyo, kama msimamo wa ofisi ni kwamba tembo hawezi kuwa kasa, naomba Mama Bhoke aandikishwe kuwa kasa. Umri anao. Makunyanzi anayo. Kila msimu anarudi palepale alipolima mama mkwe wake. Kukwama, amekwama kuliko kasa yeyote niliyeonyeshwa kwenye picha. Mlisema kasa mtoto huwekewa mlinzi tangu akiwa kwenye yai hadi aguse maji. Wajukuu wa Mama Bhoke wanakwenda shule kwa njia ileile ya tembo na hakuna anayewahesabu wakifika. Nao waandikishwe. Nimemweleza kuhusu kile kifaa mnachowabandika kasa mgongoni ili mjue walipo, akasema yuko tayari kukivaa hata kanisani, mradi akipotea mtu amtafute.

Kuhusu ukatibu, uvueni mkitaka, na kizibao chenye picha ya kasa nitakifua na kukirudisha. Namba ile tu msiifunge. Ndiyo pekee tunayoijua ambayo ukipiga, mtu anakuja.

Nathibitisha tena, mbele yako na mbele ya Mungu, kwamba niliamini kwa moyo wangu wote kuwa mnyama yule alikuwa kasa.

Nisalimie Dada Eufrasia, mwambie hatumchukii, tunamdai mbuzi. Nisalimie madereva wote wawili, na yeyote aliyebeba lile beseni toka Mugumu akiwa na matumaini. Mama Bhoke anakusalimu, na anapokea shikamoo yako kabla hujaituma.

Wako katika kuokoa kasa,

Nchagwa Waitara
Katibu, Kamati ya Kasa, Mbalibali
(hadi mtakapoamua vinginevyo)

Baada ya sahihi: Bodaboda wa kuleta barua hii alikuwa ameshawasha pikipiki, yowe likapigwa upande wa shamba. Ni saa tisa alasiri, sasa hawasubiri hata giza. Ni tembo. Nawajua tangu nachunga ndama, na siku ile nilijua vilevile. Wako wanne na mtoto wao, wameanza na ile nusu iliyobaki. Nimepiga ile ofisi nyingine nikasema ukweli mtupu, taarifa imepokelewa. Kwa hiyo nimepiga kwenu. Dada aliyepokea akauliza kwa ukali ni mnyama gani safari hii. Mama Bhoke akaninyang'anya simu na kujibu mwenyewe: "Kasa, mwanangu. Watano. Mmoja bado ananyonya."