Breki za Davis

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeibiwa. Yaani bado, lakini bei nimeshatajiwa.

Nilipeleka kigari changu kwenye ile Kampuni iliyoniuzia, kwa sababu kinagonga mbele kila nikipita kwenye mashimo. Binti wa mapokezi, Aurore, akanikalisha kwenye sofa na kuniletea chai ya tangawizi. Hapo tu ningeshtuka. Nani anakupa chai bure mjini hapa? Akarudi anatabasamu. Ni shokapu mbili za mbele, alisema, pamoja na bushi na ufundi. Akataja bei. Kwa bei hiyo, Kasulu unapata ng'ombe wawili, na mmoja ana mimba.

Mimi ni afisa manunuzi! Hainunuliwi hata kalamu ofisini kwetu bila bei tatu kufika mezani kwangu. Nazipanga, nazilinganisha, namchagua mwenye njaa zaidi. Leo niletewe bei moja na chai? Nikamwambia nitafikiria. Akasema sawa, ila nisikawie, ya kushoto imekwisha kabisa. Wote husema hivyo.

Tatizo ni Jumamosi. Jovita, mke wangu, anarudi Jumamosi kwa treni ya Tabora. Aliondoka kwenda kwa dada yake baada ya lile suala la vifaranga wa mayai niliowanunua kwa bei ya chee, wakakua wakawa majogoo watupu. Sitaki kuliandika tena. Ameniambia kwenye simu kwamba anakuja kuangalia tu. Akikuta nimeacha ujanja, anabaki. Akikuta ujanja hata mmoja, anageuza, na hatarudi tena. Nimemwapia nitampokea stesheni kwa gari langu, zima, safi, mimi mwenyewe kwenye usukani.

Jioni, Davis. Mhasibu wa ofisi yetu na jirani yangu hapa Kasingirima, tunakaa ukuta kwa ukuta. Aliponiona na kigari akanunua na yeye, aina ile ile, rangi ile ile. Mwezi uliopita alikipeleka Kampuni, kikatengenezwa chini kote, akalipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Mhasibu! Nilipomweleza bei yangu, akasema inaonekana ya haki. Akarudi kufuta kioo chake huku anaimba pambio.

Jumanne, 16 Septemba

Bei ya pili. Buzebazeba, kwa fundi Ntahomvukiye, Mrundi wa siku nyingi hapa mjini. Niliegesha mbali, nikavua saa, nikavaa ndala na shati la kulimia ili asinipandishie. Akanisalimu: "Mwakeye, afisa manunuzi." Sijui nani alimwambia.

Nikaomba bei. Akasema hawezi kutaja bei ya kitu asichokiona. Nikamwambia akitazame. Akasema kutazama ni kufungua. Nikasema basi, afungue kidogo.

Kidogo! Mtego huu naujua tangu nihamie huku, na nimeuingia mzima mzima. Fundi akishafungua gari, si lako tena. Kabla sijamaliza soda, kigari changu kilikuwa juu ya mawe, tairi za mbele kando, vyuma vyangu vinaoga mafuta ya taa ndani ya karai. Ndipo akataja bei. Nusu ya ile ya Kampuni.

Nilifurahi mpaka soda ilipoisha. Kisha nikawaza: kama nusu inawezekana, robo je? Nikamwambia sitoi zaidi ya robo. Akasema robo haifiki hata kwenye shokapu. Nikamwambia afunge, naondoka. Akasema kufunga nako kuna bei yake. Nikamwita mnyang'anyi. Akanawa mikono, akaenda kula.

Nimerudi kwa bodaboda, ndala moja imekatika.

Jumatano, 17 Septemba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Bei tatu za nini? Utamjuaje daktari mwongo? Mpelekee mtu asiyeumwa. Akimwandikia dawa, umemshika. Na gari zima liko hapo nyuma ya ukuta, linafutwa kioo kila jioni. Limetengenezwa na Kampuni hao hao mwezi uliopita. Wakilikuta na ubovu, ni wezi, na bei yangu ya Jumatatu lazima waishushe la sivyo nawatangaza mji mzima.

Nilimwambia Davis nataka kumkimbiza hospitali Mama Eufrasia, mjane wa Ujiji, presha imempanda. Hakuna Mama Eufrasia. Davis alinipa ufunguo kabla sijamaliza kumpa huyo mama ugonjwa. Hamnyimi mtu ufunguo huyu, gari lenyewe halitoi siku za kazi, anabana mafuta na kutembea kwa miguu kama mhubiri. Akaniuliza mama anasali wapi.

Ili nisionekane na watu wa ofisini, nikapita njia ya nyuma, ile ya makorongo. Jiwe likagonga chini kwa kishindo. Nikashuka, nikachungulia. Sikuona kitu, nikaendelea.

Aurore akalitambua gari. Nikamwambia Davis kanituma, anataka liangaliwe tu. Chai ikaja. Safari hii niliinywa kwa raha. Nusu saa, huyo anarudi, uso umekunjamana. Bomba la breki limepondeka na linavuja, alisema. Wameongeza mafuta ya breki ili nifike nalo nyumbani, taratibu, lakini lisitoke tena mpaka bomba libadilishwe.

Nilicheka mbele yake! Mwezi uliopita mmelitengeneza chini kote, leo linavuja? Wezi! Tena hawajui hata kuiba kwa mpangilio. Akataka kumpigia Davis simu. Nikamwambia asijisumbue, sisi ni majirani, ujumbe utafika. Akanisisitizia tena mlangoni. Ujumbe utafika, nikasema, wewe binti vipi?

Gari nimelirudisha. Breki zimeshika vizuri tu. Pedali labda ilishuka kidogo. Ujumbe sijaufikisha. Ningeanzia wapi? Kwamba Mama Eufrasia nilimlaza Kampuni?

Alhamisi, 18 Septemba

Davis amepitisha bahasha ofisini kumchangia Mama Eufrasia. Nimetoa na mimi. Ningefanyaje, macho yote kwangu! Nimemchangia mtu ambaye nimemzaa mwenyewe jana asubuhi.

Bahasha nikakabidhiwa mimi nikaifikishe. Davis akataka twende wote wodini, atamwombea. Nikasema haruhusiwi kuonana na watu. Akasema ataomba akiwa nje ya dirisha. Nikasema wodi yake haina dirisha.

Mchana Buzebazeba. Nimeinama. Nimekubali nusu ya Ntahomvukiye, kwa sharti moja: shokapu nanunua mwenyewe. Haniuzii huyu. Nikaenda Ujiji, nikapata mbili zilizotumika, za kung'aa, bei ya kutupwa. Muuzaji aliapa zinaingia gari lolote. Haziingii. Ni fupi kiasi kwamba Ntahomvukiye alizishika moja kwa kila mkono na kuzitazama kwa huruma. Muuzaji harudishi. Zinazoingia zinakuja na basi Ijumaa, Mungu akipenda, na kwa bei yake mwenyewe Ntahomvukiye.

Bado naamini angeweza kuzilazimisha.

Ijumaa, 19 Septemba

Basi limeharibikia njiani. Shokapu ziko ndani yake. Gari langu liko juu ya mawe, kuku wameanza kulala chini yake.

Jovita amepiga simu kutoka Tabora, anapanda treni. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama zamani. Akauliza gari likoje. Nikasema linang'aa. Akasema amekumbuka migebuka ya Kibirizi, wale samaki wetu wa ziwani, nikimpokea tupitie ufukweni tununue. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo. Namtaka mwanamke huyu arudi. Nyumba hii imekuwa na harufu ya mtu mmoja.

Mara Davis anapiga hodi. Amesikia, kuta zetu ni nyembamba. Akasema nisihangaike, kesho atampokea yeye kwa gari lake, mimi nikakazane na fundi, nikimaliza niwakute nyumbani. Nikawaza, gari langu likiwa mlangoni Jovita akifika, nani atajua lilikuwa wapi?

Hapo nilipaswa kusema. Nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Lakini kusema kuhusu bomba ni kusema kuhusu Kampuni, kusema kuhusu Kampuni ni kumfufua na kumzika Mama Eufrasia papo hapo, na bahasha bado iko kwenye droo yangu. Davis angemwambia Jovita. Hawezi kunyamaza na ukweli yule, unamwasha. Na isitoshe bomba lenyewe ni uongo wa Kampuni! Nimethibitisha! Niharibu ndoa yangu kwa maneno ya wezi?

Nikamshukuru Davis. Nikalala vibaya.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika suruali bado ina grisi.

Asubuhi nilimtumia Davis ujumbe kwenye simu: Endesha taratibu. Maneno mawili. Nikaona nimetimiza. Nikaenda Buzebazeba kumsimamia Ntahomvukiye, basi likiwa limefika usiku. Alikuwa na shokapu moja mkononi simu ilipolia. Davis. Akasema wako Kibirizi, wako salama, nisiogope. Mtu akikuambia usiogope ndipo unapoogopa. Nilikaa chini kwenye grisi.

Mambo yalikuwa hivi. Walipitia migebuka, kama Jovita alivyotaka. Kwenye mteremko wa kuingia ufukweni Davis akakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini na kubaki huko. Akapiga honi, akaomba, akalaza usukani kwenye mchanga. Gari likapita juu ya nyavu za kuanikia dagaa za mama mmoja, Manariyo, likabeba moja na miti yake, likasimama limegonga ubavu wa mtumbwi. Wiki hii hakuna mbalamwezi, dagaa wamejaa, zilikuwa zimeanikwa mpaka ukingoni mwa maji. Jovita alitoka na dagaa kwenye nywele na goti limechanika. Manariyo akamfunga goti kwa kanga yake, kisha akaanza kutukana.

Niliwakuta Kampuni, gari limevutwa hadi pale. Davis ana nundu kwenye paji la uso, na alikuwa ananisifu! Alikuwa anamwonyesha Jovita ujumbe wangu. Tazama shemeji, anasema, mumeo anavyokupenda, asubuhi na mapema ananikumbusha niendeshe taratibu.

Aurore akatoka. Akalitazama gari, akanitazama mimi. Akamuuliza Davis kwa upole kama hakupata ujumbe wao wa Jumatano, kwamba bomba linavuja na gari lisitoke. Walimpa Bwana Crispin, yaani mimi.

Davis akauliza Jumatano gani, Jumatano si alikuwa anampeleka Mama Eufrasia? Aurore akasema hakukuwa na mama yeyote, alikuwa peke yake, alikunywa chai.

Jovita akachukua ile simu, akasoma tena yale maneno mawili. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulijua?"

Nikamweleza kwamba kujua ni jambo pana. Nilikuwa na kauli ya upande mmoja, haijalinganishwa na nyingine mbili.

Akatoa dagaa mmoja kwenye nywele, akamweka juu ya meza ya Aurore, akatoka nje. Amelala kwa Davis, chumba kimoja na Verediana, mke wa Davis. Nasikia wanaongea ng'ambo ya ukuta. Sisikii maneno.

Jumapili, 21 Septemba

Jovita ameondoka na basi la asubuhi. Nilimwomba msamaha kupitia dirisha la basi. Akasema vifaranga aliweza kusamehe kwa sababu vifaranga hawakukaribia kumtumbukiza ziwani. Kisha akafunga pazia. Davis alimbebea begi, Jovita anachechemea kwa lile goti. Davis aliniaga na mimi, kwa adabu, na hiyo ndiyo imeniuma kuliko nundu yake.

Nilikuwa nimetandika shuka jipya. Nimelikunja. Ni mpumbavu gani anayeshindwa kusema neno moja, breki? Nimelia, naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Bahasha ya Mama Eufrasia nimempa Davis. Ameipeleka kwa Manariyo. Haikutosha, dagaa waliobaki nalipa mimi. Ntahomvukiye hafungi gari langu mpaka nimwombe radhi kwa lile neno mnyang'anyi, mbele ya mafundi wenzake.

Na sasa hili. Gari la Davis nalitengeneza mimi, ni haki, sijakataa. Aurore amenipigia simu jioni. Bampa, taa, bodi ya mbele, bomba la breki. Akataja bei. Ng'ombe wanne! Davis, ambaye amesimama mlangoni kwangu na plasta usoni, anasema inaonekana ya haki. Inaonekana! Kwa macho gani? Wamelinganisha na nani? Kupatia bomba moja hakuwafanyi malaika. Hata mwizi hubahatisha.

Bwana Anatoli, mkuu wetu wa kazi, anarudi kesho kutoka Dodoma. Hajasikia lolote. Gari lake ni aina ile ile, jeupe, limetoka matengenezo wiki mbili hizi, zima kabisa. Na ni mtu mwenye huruma sana.

Kesho asubuhi nitamwambia Mama Eufrasia amezidiwa.