Jeni ya Baba Iliyojificha

Mtoni, Temeke
19 Juni, 1996

Kwa Mratibu,
Kozi ya Likizo ya Bayoteknolojia na Elimu ya Urithi kwa Vijana (ya kulala huko huko)

Ndugu Mratibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NENO "JENI"

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako na vile vidudu mnavyovifuga kwenye chupa. Mie mzima wa mwili tu. Moyo una hitilafu, na hitilafu hiyo imetoka kwenu.

Jina langu ni Mbwana Hija, baba wa mwanafunzi wenu Twalib Mbwana, kidato cha tatu, bweni la pili, kitanda cha juu. Kabla shirika letu halijapunguza watu nilikuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo barua najua kuiandika na lalamiko najua kulipanga. Siku hizi nauza vipuri vya baiskeli hapa Mtoni. Nayasema haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiye na utaratibu.

Twalib nilimleta kwenu mwenyewe mwanzoni mwa mwezi huu, na godoro lake na ndoo yake. Mlisema atakaa wiki tatu akisoma mambo ya urithi. Mie nikadhani urithi ni mirathi, nikafurahi, maana ukoo wetu umekosa mtu wa kugawa bila ugomvi. Wiki ya pili haijesha, mke wangu Rukaiya, niliyekaa naye miaka kumi na tisa, amefunga nguo zake kwenye kanga akaenda kwa dada yake Segerea. Kila anayeniuliza mkeo yuko wapi, nikimjibu Segerea, ananipa pole kwa ajili ya lile gereza la huko na kutaka kujua kafungwa miaka mingapi. Jamani! Chanzo cha yote ni kozi yenu, na ushahidi naupanga kwa namba kama ifuatavyo.

1. Neno lenyewe. Mmekwenda kuchukua jina la mabinti wa watu mkakipa kitu kisichoonekana kwa macho. Kila mtaa wa mji huu una Jeni wake. Kuna Jeni wa saluni, kuna Jeni wa genge, kuna Mama Jeni na Jeni Mdogo. Kiswahili kimeishiwa? Mngeweza kusema "mbegu ya ukoo". Mngeweza kusema "kirithi". Mngeweza hata kuunda neno gumu kama hilo la bayoteknolojia, ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kupewa na wazazi wake. Mtaani kwetu hakuna mume aliyekimbiwa na mkewe kwa ajili ya Bayoteknolojia.

2. Barua ya Twalib. Ililetwa Alhamisi iliyopita, na siku hiyo nyumbani kwangu walikuwepo wanawake watano wakichagua mchele wa arusi ya mpwa wangu, akiwemo jirani yetu Bi Chausiku, ambaye habari ikimfikia saa nne asubuhi, saa tano inajulikana mpaka Mbagala. Miwani yangu ilikuwa dukani. Nikamwambia binti yangu Zuena, wa darasa la sita, atusomee. Zuena husoma kama mtangazaji wa redio. Nakunukulia maneno ya mwanangu kama yalivyo:

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Huku chakula kizuri ila mie silali, usiku na mchana ni jeni tu. Mwalimu anasema kila mtu ana jeni mbili mbili, moja ya kwa baba na nyingine ya kwa mama. Jeni yenye nguvu huifunika iliyo dhaifu. Ile jeni ya baba iliyojificha haionekani nyumbani, lakini ipo, na siku moja mtashangaa anazaliwa mtoto mwenye sura yake."

Ndugu Mratibu, nakuomba uvae viatu vyangu vya siku ile. Mikono yote ilisimama juu ya mchele. Bi Chausiku akasema taratibu, "Lisemwalo lipo." Mwingine akasema huyo mwenye nguvu bila shaka ni bi mkubwa, na huyo aliyefunikwa ni bi mdogo. Nikamtazama Rukaiya, naye ameuficha uso kwenye ungo, mabega yanamtikisika kwa kilio. Iliniuma sana. Nikasimama pale pale, mkono juu, nikaapa wallahi kwamba mie simjui Jenipher yeyote, wala Mwananyamala sina ninachokifuata, na chai ya iliki ya mtu sijapata kuionja. Na niliapa kabla sijaulizwa! Mtu mwenye kosa husubiri aulizwe. Mwenye haki hutangulia.

Rukaiya akaacha kutikisika, akauweka ungo chini, akainuka. Jioni ile ile alikwenda Segerea.

3. Sarufi. Kesho yake nilijaribu kujitetea kitaalamu. Niliwaambia wale kina mama kwamba kama Jeni angekuwa mtu, Twalib angeandika "Jeni wa baba", si "jeni ya baba". Mtoto huyu Kiswahili anapata alama za juu kila muhula, hawezi kuchanganya. Bi Chausiku akanijibu, "Mbona twasema dada yangu, shangazi yangu, mama yangu? Hao nao ni vitu?" Nimekaa masijala miaka ishirini na miwili, nimesahihisha barua za wakubwa, na swali hilo nililinakili kwenye daftari la duka. Naomba walimu wako walishughulikie swali hili, maana bado linaniuma.

4. Kitunguu. Ukurasa wa pili wa barua ile Twalib aliandika: "Jana tumetoa jeni. Tuliponda, tukatia chumvi na sabuni ya maji, tukachuja, tukamiminia spiriti ya baridi, ikapanda juu nyeupe kama uzi." Neno kitunguu aliliandika pembeni, kwa herufi ndogo, na Zuena akaliruka. Matokeo yake wanawake wale wale waliokuwa wakimlaani Jeni kwa kuniharibia ndoa wakaanza kumlilia kwa kupondwa na wanafunzi. Mmoja alitaka twende kwa balozi wa nyumba kumi. Na balozi alikuja kweli, na daftari lake, akaniuliza marehemu alikuwa mwenyeji wa wapi. Nikamjibu ni kitunguu. Akaandika.

5. Fomu ya masikio. Pamoja na barua mlituma karatasi ya kazi ya nyumbani: nani kwenye familia anaweza kuukunja ulimi ukawa kama mfereji, nani hawezi, nani ndewe za masikio yake zinaning'inia na za nani zimegandana na shavu. Maelezo yenu yanasema mambo haya hurithiwa. Kha! Hamkujua mnampa silaha nani. Bi Chausiku ameinakili fomu yenu, na sasa mtoto yeyote asiyejulikana akipita Mtoni anaitwa, anapewa embe, anakaguliwa masikio, halafu wanakuja dukani kukagua yangu. Jana mteja aliyekuja kununua mnyororo wa baiskeli amenishika sikio bila hata kuniamkia. Ndewe zangu zimegandana, ndiyo. Na za nusu ya watu wa Temeke je? Nao wote ni wanangu?

6. Nyumba. Hili ningeliweka la kwanza lakini nimeshindwa kulipangia maneno. Rukaiya hayupo, na nyumba ya vyumba vitatu imekuwa uwanja. Chai ninayochemsha mwenyewe haina ladha. Juzi nimemkuta Zuena amelala na kanga ya mama yake. Nilidhani nitakasirika na kozi yenu siku mbili tatu yaishe, lakini hasira inakwisha na yeye harudi. Nampenda mke wangu, Ndugu Mratibu. Sijawahi kuliandika neno hilo kwenye barua ya kikazi, na wakubwa wangu wa zamani wangelikata kwa kalamu nyekundu.

Kwa sababu hizo, naomba hatua zifuatazo zichukuliwe haraka. Kwanza, ofisi yako imwandikie Bi Rukaiya, Segerea, barua yenye mhuri, ikithibitisha kwamba jeni si mwanamke, haikai mtaa wowote, haipiki wala haishoni. Pili, kama barua haitoshi, walimu wawili wafunge safari na ile hadubini yenu, wamwonyeshe jeni kwa macho yake akiwa amekaa kwa dada yake, na dada mtu naye achungulie, maana yeye ndiye anayemtia maneno. Tatu, neno hili lifutwe kwenye vitabu vyote vya shule nchini, na mpaka hapo litakapofutwa, kila mwalimu akilitamka aongeze "ya kitunguu". Nne, itolewe taarifa rasmi kwamba jeni zote zilizojificha ndani ya Twalib zimetoka upande wa mama yake. Hili la nne najua ni gumu kisayansi, lakini mmeweza kutoa uzi mweupe kwenye kitunguu, hamtashindwa na hili.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa bweni, mlinzi wa getini na vijana wote wanaosoma na mwanangu. Twalib mwambie baba yake hajamkasirikia, ila ajifunze kuandika barua fupi. Kitunguu mpeni pole.

Ni mie, mwenzenu katika kulijenga taifa na katika kumtafuta mke niliyenaye,

Mbwana Hija
(Karani wa Masijala, mstaafu wa kupunguzwa)

Tanbihi: Nilikuwa nalamba stempu wakati Zuena aliporudi kutoka Segerea, nilikomtuma ampelekee mama yake nguo. Amekuja na kikaratasi. Nakinakili chote:

"Baba Twalib. Jeni naijua. Twalib alinifundisha jikoni kwa kunde nyeupe na nyekundu, kabla hujampeleka kozi. Zuena aliposoma ile barua nilikuwa nacheka, nikajificha kwenye ungo nisimvunjie heshima Bi Chausiku. Aliyenitoa nyumbani si mtoto. Mtoto kasema jeni. Jenipher umemtaja wewe. Mwananyamala umeitaja wewe. Na iliki, mume wangu, nani alikuuliza habari za chai? Usinitumie mtu wala mhuri. Njoo uniambie kwa mdomo wako."

Ndugu Mratibu, nimekisoma mara nne, na miwani ninayo. Jenipher yupo. Ni mjane, anashona mapazia Mwananyamala, na tangu mwezi wa kwanza nimekwenda kunywa chai kwake kila Jumatano, huku nyumbani nikiaga kwamba nafuatilia faili langu la kazini. Sijamposa. Lakini maneno ya posa nilikwisha kuyapanga, kwa namba. Rukaiya hakuwa na habari ya lolote mpaka nilipomwapia mie mwenyewe.

Basi malalamiko yote sita nayafuta, na hatua zote nne nazifuta. Neno lenu halina kosa, liacheni vitabuni. Jenipher nitamwandikia leo leo kwamba sitakuja tena, maana hayo najua kuyaandika. Barua hii nakutumia hata hivyo. Kila nikijaribu kulisema jambo hili kwa sauti najikuta nalipanga kwa namba, nikaona afadhali mtu mmoja awe amekwisha kulisikia kabla ya Rukaiya. Duka nimelifunga. Nakwenda Segerea sasa hivi, bila karatasi yoyote.