Vidonge vya Shamsia na Kamera ya Alhamisi

Jumatatu, 5 Mei
Nimerudi Bunda kutoka hospitali ya Musoma, nimenuna. Mzee wetu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Sasa Daktari Debora anasema sisi wanawe, mimi na kaka Twalha, tuko hatarini kuliko wengine. Twende Alhamisi ya wiki ijayo tuchunguzwe kwa kamera. Inakopita hiyo kamera, kalamu yangu inakataa kuandika! Kaka akajibu palepale kwamba atakuja, tena wa kwanza. Tangu utotoni anapenda kuonekana.

Mimi nilisikia la maana zaidi. Daktari alieleza kuwa foleti, vitamini iliyo kwenye mchicha, maharage na maini, husaidia mwili kuweka alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, juu ya DNA, ili kila jeni ijue lini ifanye kazi na lini inyamaze. Foleti ikipungua, alama huvurugika na saratani inaweza kupata upenyo. Basi! Kamera ya nini?

Jumanne, 6 Mei
Mchicha umeshindikana. Mke wangu Shamsia anauchemsha na magadi mpaka unapondeka, maji anamwaga. Nikamwambia foleti yote inaenda na maji. Akasema mama yake alikuwaga anapika hivyohivyo. Kama najua sana, jiko lile pale.

Ni mjamzito, hasira karibu. Lakini kliniki wamempa vidonge vya foleti, viko juu ya kabati. Nimemeza kiganja kizima.

Ijumaa, 9 Mei
Nakufa. Choo changu leo cheusi kama lami! Mzee naye alianza na damu chooni. Msikitini nimelia kwenye sijida. Makochi ya wateja yako nusu karakanani kwangu, mtoto hajazaliwa, na mimi naondoka. Nimemeza vidonge vingine, kwa woga.

Jumamosi, 10 Mei
Shamsia amenisindikiza kwa Daktari Debora. Daktari akauliza natumia dawa gani. Nikasema hakuna. Shamsia akasema basi vidonge vyake vinaliwa na panya. Fedheha! Kumbe vina madini ya chuma pia, ndiyo yaliyokifanya choo kiwe cheusi. Daktari akanikaripia kwa kumwibia mtoto aliye tumboni. Kisha akashusha sauti: foleti ya chakula ni nzuri, ila kama kivimbe kipo tayari utumboni, vidonge vingi huenda vikakilisha kikakua. Watafiti bado wanabishana. Kwa hiyo kamera ni lazima.

Tulipofika nyumbani Shamsia akaniomba nisimwachie mtoto asiye na baba. Nikamwahidi kwamba Alhamisi nitakwenda. Roho iliniuma sana.

Alhamisi, 15 Mei
Niko Murangi kwa Pastory, rafiki yangu mvuvi. Nimefikiri sana. Kama vidonge vinakilisha kivimbe, dawa ni kukinyima chakula. Ugali na sato tu, mboga za majani marufuku! Pastory anasema mimi ni mwoga. Hajasoma huyu.

Kaka amepiga simu kutoka hospitali. Wamemkuta na kivimbe, wakakitoa palepale. Kingeachwa kingeweza kugeuka kuwa saratani kama ya mzee. Alikuwa analia. Akauliza niko wapi. Akasema nimeshaitwa, na Shamsia yuko kwenye benchi la hospitali ananisubiri.

Nimemhurumia sana kaka. Baba mmoja, lakini ona tofauti: mimi mpaka leo hawajanikuta na kitu.