Mtungi wa Baalyaton

Mwezi wa Hiyar, siku ya nne, siku ya soko

Mzee Baalyaton yu mahututi! Huzuni kubwa. Lakini pia nafasi. Binti yake Arishat hajaolewa, na mfinyanzi mwenzangu jirani, Gersakun, anamzengea kwa tini na samaki. Mimi nitamshinda kwa mtungi wa kuwekea majivu ya baba yake, akishakufa na kuchomwa kama desturi yetu. Bure kabisa! Nimelichora jina udongo ukiwa mbichi: Baalyaton mwana wa Himilko. Ukishachomwa, halifutiki. Gersakun huandika kwa wino. Uvivu mtupu.

Siku ya sita

Mtungi umetoka tanurini bila ufa. Nimeuweka mbele ya duka, jina likitazama barabara, Arishat akienda hekaluni auone.

Siku ya saba

Mzee amepona! Eti supu ya dengu. Amekuja kwa miguu yake mwenyewe, akasoma, akasoma tena. Akauliza, "Wewe Muttun, mbona una haraka na mimi?" Nikamwambia si wake, ni wa yule Baalyaton wa bandarini. Hapa kila mjukuu hupewa jina la babu, akina Baalyaton wamejaa tele. Nilijipongeza sana.

Siku ya nane

Baalyaton wa bandarini amekuja. Mzima wa afya, na hasira juu. Kisha Baalyaton muuza chumvi. Kisha Baalyaton kuhani, ambaye alilifuata jina kwa kidole, herufi moja moja, na hilo ndilo lililonitisha. Wote wana wa Himilko! Mmoja anataka niuvunje, mwingine anasema kuvunja ni mkosi zaidi. Gersakun akaleta kitambaa kibichi, akawaonyesha wino wake unavyofutika. Mshenzi!

Siku ya tisa, siku ya soko

Arishat amekuja dukani. Kasema baba yake alicheka mpaka akakohoa, na amenisamehe. Lakini akiona tena jina la mtu aliye hai kwenye rafu yangu, nisikanyage kwao, na habari za posa nizisahau. Posa! Kumbe zinazungumzwa! Nimeapa kwa mungu wetu Tanit kwamba hataliona. Nampenda mno!

Siku ya kumi

Posa ya maneno matupu hata Gersakun anaiweza. Mimi nitapeleka kitu cha kudumu. Mtungi mdogo, udongo laini, makuti ya mtende shingoni, na maandishi: Arishat binti Baalyaton, mke wa Muttun. Hautakaa rafuni hata kidogo, kwa hiyo kiapo kiko palepale. Sasa hivi uko tanurini. Kesho nitamkabidhi mzee mwenyewe, mkononi. Atalia kwa furaha!